Msumeno wa Kubeba Garini: Usitamani Mkubwa



Mwezi huu nataka tuzungumze habari za chombo kimoja ambacho wengi wenu mmeanza kukitia nyuma ya gari pamoja na jeki na spana. Chombo chenyewe ni msumeno wa mnyororo, ule ambao watu wengi huuita pawa soo. Mimi siukatai hata kidogo. Lakini nimeona ya kuwa wengi hununua ule usiowafaa, na wengine huubeba kwa namna itakayowaletea hasara, au jeraha, au kesi. Basi yafaa tulitazame jambo hili sasa, kabla mvua ndefu hazijaanza.

Mtu wa mjini atauliza kwa nini mkulima atembee na msumeno ndani ya gari. Wewe unayekaa katika skimu huna haja ya kuuliza. Skimu zetu nyingi zilikatwa kutoka katika mashamba makubwa ya walowezi, tangu mpango wa ekari milioni moja ulipoanza mwaka 1962. Walowezi hao walikuwa wamepanda safu za mikaratusi na misaipresi ili kukinga upepo. Safu hizo hazikung'olewa zote. Nyingi zilibaki mpakani na kando ya barabara, zikawa kivuli cha ng'ombe na alama ya kuwatenganisha majirani. Leo ni miti mizee. Tena misaipresi iliingiliwa na wadudu wafyonzao utomvu, ambao waliingia Kenya mwaka 1990, na mingi ikakauka pale pale iliposimama. Inapofika Aprili udongo hulowa, mizizi hulegea, upepo huvuma usiku, na asubuhi unakuta mti umelala kutoka mtaro huu hadi mtaro ule.

Lori la maziwa liko upande wa pili. Wewe uko upande huu na mikebe yako. Maziwa hayajui kungoja, maana yakikaa zaidi ya saa mbili au tatu bila kupoozwa, vijidudu huzaana ndani yake, na yakifika kituoni yanakataliwa. Nami sijataja bado mama mwenye uchungu wa kuzaa anayepelekwa hospitali kwa barabara hiyo hiyo.

Asubuhi moja ya namna hiyo ilinikuta mimi. Tulikuwa watu kumi na mmoja, shoka moja na mapanga mawili butu. Wanne walikata, mmoja alishika kamba, na sita walitoa mashauri. Tulifungua njia baada ya saa tatu hivi, na maziwa ya laini yetu yote yakaenda kwa ndama na nguruwe. Siku hiyo niliapa kununua msumeno wa mnyororo, na kweli nikanunua, lakini nilinunua vibaya, na ndiyo sababu ninakuandikia.

Nilikwenda dukani na hasira yangu, nikaomba msumeno wenye nguvu. Mwenye duka akanionyesha mmoja wenye chuma kirefu cha inchi 22, na ubavuni umeandikwa cc 58, na bei yake ilikuwa ya chini kuliko ile midogo iliyopangwa karibu nayo. Nilijiona mwerevu. Kumbe nilikuwa nimenunua mzigo. Nyuma ya gari haukuenea ila kwa kulazwa mshazari, na ncha yake ilitoboa gunia la chakula cha ng'ombe. Oili yake ilichuruzika usiku na mchana ikaingia katika gunia hilo, na ng'ombe wakanusa wakageuka. Kuuinua kwa nusu saa kulinitetemesha mikono hata nikashindwa kushika kikombe cha chai. Mwezi wa tatu kamba ya kuwashia ikakatika pamoja na springi yake, na hapakuwa na fundi wala duka katika wilaya nzima lililokuwa na kipuri cha jina lile. Niliuuza kama chuma chakavu. Mti ulioanguka mwaka uliofuata tuliukata kwa shoka lile lile.

Kabla ya kutazama dirisha la duka, jiulize kazi utakayoipa msumeno huo. Msumeno wa garini ni wa kufungua njia, kukata matawi, kupunguza nguzo za ua na kukata kuni za jikoni. Haukuumbwa kupasua mbao. Anayetaka kupasua mbao atafute mwenye mtambo mkubwa amlipe kwa siku, maana siku hizo kwa mkulima wa ekari tano au kumi hazizidi chache kwa mwaka.

Kwa kazi hiyo ya kufungua njia, chuma cha inchi 12 au 14 kinatosha, yaani sentimita 30 au 35. Mafundi hukiita baa (si ile ya pombe, ingawa yote miwili humlaza mtu asiyejihadhari). Watu husema, mti wetu ni mnene kuliko hiyo, itakuwaje? Mti ulioanguka hukatwa kutoka pande mbili, upande huu kisha upande ule, na baa ya inchi 14 hulimaliza gogo nene kuliko urefu wake wenyewe. Tena mara nyingi kinachofunga njia si shina bali ni kichwa cha mti na matawi yake, ambayo si manene sana. Baa fupi huingia katikati ya matawi bila kugusa usichokusudia, na huo ndio usalama wako. Baa ndefu ncha yake iko mbali na macho yako, na ncha ndiyo inayoua.

Injini ya baa hiyo ni ya cc 30 hadi 35 hivi, na msumeno mzuri wa kadiri hiyo una uzito wa kilo 4 au kuzidi kidogo, kabla hujatia petroli, oili na baa yake. Ukiwa tayari kwa kazi utakuwa kilo 5 hadi 6. Chukua ule wa dukani, unyooshe mikono mbele kidogo, hesabu mpaka mia. Ukianza kutetemeka, si wako.

Hapa pana jambo ambalo wauzaji wa Nairobi na Mombasa huwa hawalitaji. Injini hizi huvuta hewa, na huku kwetu juu hewa ni nyepesi. Kinangop iko zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari, na katika kimo kama hicho injini ndogo hupoteza karibu robo ya nguvu zake. Msumeno uliotengenezewa hewa ya chini, ukiwashwa kwetu, hunywa petroli nyingi kupita kiasi, hutoa moshi mweusi na kulowesha plagi. Dawa yake ni fundi anayejua kurekebisha kabureta, kazi ya dakika chache. Kwa sababu hii mkulima wa nyanda za juu asichukue ile midogo kabisa ya mwisho. Kati ya cc 30 na cc 35 achague ile ya juu kidogo, na baa abaki na inchi 14.

Sasa sikiliza sana. Ukiingia dukani ukaomba msumeno mdogo wa garini, huenda ukaonyeshwa mmoja mzuri ajabu, mfupi, mwepesi, wenye mpini juu ya mgongo wake kama mpini wa pasi. Utaupenda. Utaenea chini ya kiti. Usiununue. Huo umetengenezwa kwa watu waliofundishwa kupanda miti kwa kamba na mikanda, ili waweze kuufikia mahali pasipo nafasi. Mpini wa juu humshawishi mtu kuushika kwa mkono mmoja, na msumeno wa mnyororo unaoshikwa kwa mkono mmoja hauna wa kuuzuia unapopiga teke.

Ninyi mnaokamua mnajua teke ni nini. Ng'ombe mpole wa miaka sita, siku moja ukimgusa chuchu yenye kidonda, hakupi nafasi ya kufikiri. Msumeno ni vivyo hivyo. Mnyororo huzunguka kwa mwendo wa mita 20 hivi kwa sekunde, ambao ni kama gari lendalo kilomita 70 kwa saa. Robo ya juu ya ncha ya baa ikigusa tawi lililojificha, meno hung'ang'ania, na nguvu yote ya injini inageuka kuurusha msumeno juu na nyuma, kuelekea uso na shingo yako. Jambo hilo hutokea kabla hujafumba jicho. Nimemwona kijana mwenye alama kutoka begani hadi kidevuni. Alikuwa akikata tawi lililo juu ya kichwa chake, mkono mmoja msumenoni na mwingine umeshika ngazi. Alipona, lakini mkono wake wa kushoto haukamui tena.

Kwa hiyo unaponunua, tafuta breki ya mnyororo. Ni ile ngao iliyo mbele ya mkono wa kushoto, ambayo ikisukumwa mbele husimamisha mnyororo mara moja, na katika misumeno mizuri hujifunga yenyewe msumeno unaporuka. Mwambie muuzaji auwashe mbele yako na aifunge breki hiyo uione ikifanya kazi. Akikataa, nenda duka jingine. Tazama pia kama pana kizuizi katika mpini wa nyuma kinachokataza moto kuongezwa mpaka kiganja kikibonyeze, na kama mipini imetenganishwa na injini kwa springi au raba ili kupunguza mtetemo. Vitu hivi vitatu vina thamani kuliko cc zote zilizoandikwa ubavuni.

Siku hizi iko pia misumeno ya betri, na watu huniuliza kama ni ya kuchezea. Hapo pana aina mbili, na ni lazima uzitofautishe. Iko ile midogo sana ya baa ya inchi 4 hadi 6, inayouzwa hata sokoni. Hiyo ni ya kupogolea miparachichi na mikahawa, na ukiipeleka kwa mkaratusi ulioanguka utaaibika mbele ya watu. Nyingine ni misumeno kamili ya baa ya inchi 12 au 14, yenye betri ya volti 36 au zaidi. Hiyo ni ya kweli. Haina petroli ya kumwagika, haina kamba ya kuvuta, na ukiachilia kifyatulio hunyamaza papo hapo. Udhaifu wake ni kwamba betri ikiisha kazi imeisha, na jambo hilo hutokea daima mti ukiwa umebaki nusu. Nayo betri haipendi joto la gari lililofungwa juani. Haifai kuiacha mbele ya kioo kutwa nzima.

Maoni yangu mimi ni haya. Mwenye pikapu anunue wa petroli. Mwenye gari dogo lililofungwa, ambamo mizigo na watoto huvuta hewa moja, anunue wa betri ikiwa ana umeme nyumbani na fedha zinamtosha. Asiye na fedha za kutosha abebe msumeno wa upinde, ule wa mkono, pamoja na shoka kali, panga na kamba nene ya mita 20. Asione haya. Watu wawili wenye msumeno wa upinde ulionolewa hulikata tawi la unene wa paja kwa muda mfupi, na chombo hicho hakinywi kitu wala hakipigi teke. Kwa wengi wetu, kusema kweli, ndicho kinachotosha, nami nisingetaka mtu auze ndama ili apate pawa soo ya kufungua njia mara moja kwa mwaka.

Nakurudisha dukani. Kabla ya kulipa, uliza mnyororo wa pili na baa ya pili vinapatikana wapi, na ni umbali gani kutoka kwako. Jibu likiwa ni Nairobi, fikiri mara mbili. Msumeno unaouzwa na duka la mji wako, ambako fundi anaujua na vipuri viko rafuni, hata kama bei yake imezidi kidogo, ni rahisi kuliko wa bei ya chini usio na ndugu. Nunua mnyororo wa akiba siku ile ile, kwa maana kunoa mti ukiwa mbele yako na lori linapiga honi ni kazi ngumu. Nunua pia tupa ya duara ya kunolea. Misumeno midogo mingi hutumia mnyororo mwembamba wa thumuni tatu za inchi, na tupa yake ni ya milimita 4. Soma kitabu cha msumeno wako ujue ni ipi, usinunue tupa kwa kukisia. Meno hayo yana namna yake: moja linakata kushoto, lifuatalo linakata kulia. Mtu aliyeyabuni namna hiyo, Joseph Cox wa Oregon huko Marekani, aliyaiga mwaka 1946 kutoka kwa buu alilolikuta likitafuna gogo, likikata kushoto na kulia, na mwaka uliofuata akaanza kuuza minyororo hiyo. Sisi mabuu ya namna hiyo tunawapa kuku.

Mnyororo mkali hutoa vipande vya mti kama nafaka iliyopasuliwa. Ukitoa unga, ni butu. Na kinachoufanya butu upesi kuliko vyote ni udongo. Mti ulioanguka barabarani umejaa matope magandani, basi chukua panga, kwangua ganda mahali utakapokata, ndipo ukate. Na usiache ncha ichimbe barabara upande wa chini, maana kugusa changarawe kwa nukta moja tu kunaharibu kazi ya nusu saa ya tupa.

Petroli yake huchanganywa na oili ya injini ndogo za namna hii. Misumeno mingi hutaka sehemu 50 za petroli kwa moja ya oili, yaani lita 5 kwa mililita 100. Changanya kidogo, kwa kuwa petroli iliyochanganywa ikikaa miezi huoza na kuziba kabureta. Oili ya mnyororo ina tangi lake peke yake. Ukitumia oili chafu iliyotolewa katika trekta, utaona baa inaliwa.

Na namna ya kuubeba? Msumeno uwe katika sanduku la mbao au la plastiki ngumu, baa imevishwa ala yake kama panga la heshima, na sanduku limefungwa kwa kamba. Gari likipinduka au likifunga breki ghafula, kilo 6 za chuma chenye meno si kitu cha kuruka kichwani mwa abiria. Misumeno yote huchuruzika oili, hata ile mizuri, kwa hiyo tandika gunia kuukuu ndani ya sanduku. Petroli ikae katika mtungi ulioundwa kwa petroli, si chupa ya soda, kwa maana watoto hunywa kilichomo katika chupa ya soda. Mtungi huo ukae nje, katika pikapu, mbali na watu. Tena usiuweke msumeno wala mtungi wake karibu na mikebe ya maziwa. Maziwa huvuta harufu kama sifongo, na mpokeaji wa kituoni akinusa petroli atayakataa hata kama ng'ombe wako ni malkia.

Sasa niseme habari ya sheria, maana hapo ndipo watu wema wanapopotea. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 inakataza mtu kuingia na msumeno wa mnyororo katika msitu wa umma bila kibali. Haisemi tu kukata. Hata kuwa nao ndani ya msitu ni kosa. Wengi wetu barabara zetu hupita msituni: wa Kinangop anayeshuka Thika hupita Kieni, na wa Uasin Gishu anayekuja Nakuru hupita Timboroa. Askari wa misitu akikusimamisha, hajui kama wewe ni mkulima anayekwenda kumsaidia jirani au ni mwizi wa mitarakwa. Serikali ilisimamisha ukataji katika misitu ya umma mwaka 2018, na hata Rais alipotangaza Julai 2023 kwamba marufuku hayo yameondolewa, hakusema kila mtu aingie na msumeno wake. Kwa hiyo weka risiti ya kununulia ndani ya gari. Nenda kwa afisa wa misitu na kwa chifu wako, uwaulize kibali gani kinatakiwa mahali penu na kaunti yenu inadai nini, nao wakujue kwa jina. Ukiwa na safari ya kupita msituni ambayo haina haja ya msumeno, uache nyumbani. Usiku usiupitishe humo kabisa. Nimesikia watu wakilalamika kwamba huu ni usumbufu. Ni usumbufu kweli. Lakini maji ya mto unaonywesha ng'ombe wako yanatoka katika msitu huo, na ulikatwa sana na watu waliokuwa na misumeno katika magari.

Nina shauri moja zaidi, na najua wengine hawatalipenda. Si lazima kila mwenye gari awe na msumeno. Laini moja ya skimu, yenye familia ishirini au thelathini, yahitaji mmoja tu mzuri. Chama chenu cha ushirika, au kikundi chenu cha maziwa, kinaweza kununua msumeno mmoja wa inchi 14 pamoja na mavazi yake, na kuwafundisha watu wawili, si mmoja, maana mmoja ataugua siku mti utakapoanguka. Mtaniambia chombo cha watu wote hakina mwenyewe, na mtanitajia trekta ya ushirika iliyooza chini ya mti. Hilo nalijua. Dawa yake ni kuukabidhi kwa mtu mmoja kwa maandishi, na kila anayeutaka kwa kazi yake binafsi alipie saa, na fedha hizo zinunue minyororo. Kazi ya barabara iwe bure. Mavazi ninayosema ni kofia ngumu yenye wavu wa kukinga uso na vikinga masikio, glavu, viatu vizito, na suruali maalumu yenye nyuzi ndani ambazo hunasa mnyororo na kuusimamisha kabla haujafika mfupani. Suruali hiyo ni ghali kwa mtu mmoja. Kwa familia thelathini ni bei ya vikombe vichache vya chai kwa kila nyumba.

Basi mvua imenyesha, mti umelala, na wewe umefika na msumeno wako mdogo. Usiuwashe bado. Kwanza tazama juu na tazama pembeni kama pana waya wa umeme uliokatika au ulioshikwa na matawi. Ukiuona, usiguse mti huo, wala ua wa waya ulio karibu nao. Piga simu Kenya Power na uwazuie watu wasikaribie. Maziwa na yamwagike.

Kama hakuna umeme, tazama jinsi mti ulivyolala. Shina lililoegemea kingo mbili za barabara, katikati likiwa wazi, limebanwa upande wa juu na kuvutwa upande wa chini. Ukilikata kutoka juu moja kwa moja, mkato utajifunga na kuushika msumeno wako, na hapo utakuwa na vitu viwili vya kuondoa barabarani. Kata juu kiasi cha theluthi, kisha malizia kutoka chini kwenda juu, ukijua kwamba msumeno unapokata kwa mgongo wake hukusukuma. Tawi lililoegemea upande mmoja tu, upande mwingine ukining'inia, ni kinyume: anza chini kidogo, malizia kutoka juu. Na mkaratusi una tabia yake mbaya. Mti huo hukua na mvuto ndani yake, na ukikatwa hupasuka ghafula kwa urefu. Simama kando, usisimame mbele ya ncha ya gogo, wala usisimame upande wa chini wa mteremko.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote iko shinani. Mti uliong'oka na mizizi yake huwa na bonge kubwa la udongo lililosimama wima kama ukuta, na nyuma yake pana shimo. Shina ndilo linaloliweka bonge hilo mahali pake. Ukilikata shina, uzito wa juu umeondoka, na bonge lile huweza kurudi shimoni mwake kwa kishindo, na kipande cha shina kilichobaki kikasimama tena kana kwamba hakikuanguka. Watoto hupenda shimo hilo. Hukaa humo kutazama wazee wakifanya kazi, na kelele ya msumeno ikianza hakuna atakayewasikia. Kwa hiyo kabla ya kuvuta kamba ya kuwashia, zunguka mpaka nyuma ya mizizi wewe mwenyewe, chungulia ndani ya shimo, watoe wote, na mweke mtu mzima mmoja pale asimame mbali kidogo, kazi yake iwe ni hiyo tu mpaka njia ifunguke.